Mizani na Fungu la Pili

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wa kiwanda cha mbao wa zamani na wa sasa, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake marehemu, baba mmoja mama mmoja, nikiwa na karatasi mbili alizoziandika shangazi yetu kwa mkono wake, ambazo ameniagiza nizisome kama zilivyo, nisiongeze wala nisipunguze, nami nimeitikia, maana nani alishawahi kumkatalia shangazi. Ila naomba mnivumilie, kwa kuwa tangu jana alasiri kichwa changu hakijatulia, na kwenye karatasi ya pili kuna mstari mmoja, unaoeleza jinsi marehemu alivyoacha kazi, ambao sina hakika kama mdomo wangu utakubali kuusoma.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mizani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, wawili walifariki wangali wachanga, nami ndiye kitinda mimba, kwa hiyo kuanzia juzi Ijumaa nimebaki peke yangu. Hapo kwenye mwaka naomba nieleze kidogo, kwa sababu cheti cha shule kinasema 1959, kitambulisho kinasema 1957, na marehemu mama yetu kila alipoulizwa alijibu kwamba mwanawe alizaliwa wiki ile ukuta wa jiko ulipoanguka, jambo ambalo halikumsaidia karani yeyote, basi shangazi ameamua kwamba ni 1958, na shangazi akishaamua, imekwisha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966, akamaliza mwaka 1973, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1977, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, Januari 1978 hadi Novemba 1979, kujifunza useremala. Wenzake wa chuoni, mmoja wao yumo kati ya mafundi waliolitengeneza sanduku hili, watawaambia kwamba darasa zima likimaliza viti vinne vinne yeye alikuwa bado na kimoja, tena hakijasimama, kwa sababu kila ubao aliopewa aliunusa, akaugonga, akaupima uzito mkononi, akauliza umekatwa lini na umekaushwa wapi, mpaka mwalimu akachoka naye akamwambia, wewe kijana hutaki kutengeneza kiti, unataka kuufanyia ubao mahojiano.

Tarehe 2 Aprili 1980 aliajiriwa katika kiwanda cha mbao, kwanza akipanga mbao uwanjani, na kuanzia tarehe 1 Julai 1983 akahamishiwa chumba cha vipimo, ambacho kwa wasiokijua ni chumba chenye dirisha moja linalotazama uwanja, meza ya saruji, mizani iliyofunikwa kioo, na tanuri dogo mfano wa jiko la kuokea mikate. Kazi yenyewe, kwa kifupi, ni kujua ndani ya ubao kuna maji kiasi gani, kwa maana ubao ukijengewa ungali na maji mengi utakauka ukiwa kazini, utajikunja, utaachia misumari, na nyumba itapata taabu. Unakata kipande kidogo, unakipima uzito, unakitia tanurini kwa nyuzi joto mia moja na tatu mpaka kisipungue tena, unakipima mara ya pili, kilichopotea ndiyo maji yaliyokuwemo, halafu unayageuza kuwa asilimia. Marehemu alikuwa akipenda kuwaambia wageni kwamba gogo lililokatwa leo linaweza kuwa na unyevu wa asilimia mia moja na ishirini, na mgeni akiuliza kitu kinawezaje kuzidi mia, yeye alicheka tu, nami naona nyuso hapa zinauliza swali hilo hilo, nawaomba msiniulize leo.

Kazini walimtania kwamba hata chai anaipima kabla ya kuinywa, naye hakukasirika, lakini kwenye kipimo hakuwa na mzaha hata chembe, madereva wa malori walimnung'unikia, mafundi walimwita mchawi wa mbao, na meneja wetu wa wakati ule, namwona pale mstari wa tatu, shikamoo mzee, anakumbuka jinsi alivyomsihi mara moja aupitishe mzigo mmoja uliokuwa na asilimia ishirini na moja badala ya ishirini, asilimia moja tu jamani, na marehemu akajibu kwamba maji hayana huruma, akaenda zake kula.

Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa na shemeji yangu huyu hapa, fundi cherehani, baada ya uchumba uliokaribia kuvunjika siku ya kwanza, kwa sababu alipofika ukweni, kabla hata ya kukaa, aligusa mlango na kumwambia baba mkwe kwamba umefungwa ungali mbichi, na baba mkwe alikuwa ameutengeneza mwenyewe. Mlango ulikwama miezi miwili baadaye, baba mkwe akamwita akamkabidhi binti, akasema mtu asiyejua kubembeleza kwa uongo atamfaa mwanangu. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza, wa kiume, tarehe 19 Oktoba 1986, wa pili, wa kike, tarehe 3 Februari 1990, na wa tatu, wa kiume, tarehe 25 Mei 1995, na wote aliwasomesha, pamoja nami, ambaye aliniingiza kiwandani tarehe 5 Januari 1998, akaniweka kwenye chumba chake cha vipimo, akanishika mkono kama mtoto anayefundishwa kuandika.

Nageuza karatasi. Imeandikwa hivi, tarehe 27 Agosti 2004, baada ya utumishi wa miaka ishirini na nne, marehemu alistaafu kwa hiari yake ili apate nafasi ya kukaa na familia. Nimeusoma, umetoka. Sasa jamani, mtu mwenye miaka arobaini na sita, watoto watatu wako shule, anastaafu kwa hiari akakae na nani? Nusu yenu mliokaa hapa mlikuwepo, mliona barua ilivyobandikwa, mnajua kwamba aliachishwa kazi kwa kosa la kipimo, sasa tunamficha nani?

Shangazi ananikazia macho. Nakuona, shangazi. Anasema nisome kilichoandikwa, nitasoma, shangazi wangu, lakini niache kwanza, kwa sababu nikiruka hapa leo sina siku nyingine, mwenyewe yuko pale ndani ya sanduku na baada ya saa moja hatutamwona tena.

Jana saa kumi alasiri shangazi huyu huyu alinituma chumbani kwa marehemu nilete daftari lake la kazi, lile la jalada la bluu, ili tuhakiki tarehe, nikalifungua mwezi wa Agosti 2004, nikakuta karatasi imegandishwa kwa gundi, nikautambua mwandiko kabla sijasoma neno, kwa sababu ulikuwa wangu. Nilikaa kitandani pake na lile daftari mapajani mpaka walipokuja kunigongea.

Mambo yalikuwa hivi, nami nayasema polepole ili mwenyewe pia niyaelewe. Mwezi ule kiwanda kilikuwa na oda ya mbao za kenchi, za paa la shule yenye madarasa manane, mafungu mawili, na mteja alitaka kila fungu lipimwe kwa tanuri, lisizidi asilimia ishirini. Fungu la kwanza marehemu alilipima mwenyewe. Jumanne tarehe 10 Agosti mama yetu aliugua ghafla, marehemu akampeleka hospitali, akaniachia fungu la pili, na mimi, niliyekuwa nimemwona akifanya kazi ile miaka sita bila kumuuliza hata siku moja anagawa nini kwa nini, nikakata vipande, nikapima, nikakausha, nikapiga hesabu. Kipande kibichi gramu mia na ishirini na tano, kikavu gramu mia, zimepotea ishirini na tano. Shuleni nilifundishwa kwamba kilichopungua unakigawa kwa kile ulichoanza nacho, na mimi nilianza na mia na ishirini na tano, nikagawa, nikapata asilimia ishirini kamili, nikafurahi, nikaandika ishirini. Kumbe kwenye mbao unagawa kwa ule uzito mkavu, kwa ile mia, jibu ni ishirini na tano, fungu zima lilikuwa limejaa maji. Jumatano jioni marehemu alirudi kutoka hospitali macho mekundu, akaniuliza tumepata ngapi, nikasema ishirini, akatia sahihi bila kuhakiki hesabu, kwa kuwa mimi ni ndugu yake na alinifundisha yeye, na Alhamisi malori yakaondoka.

Daftari linaonyesha kwamba Jumamosi tarehe 14, akinakili hesabu za wiki, aliikuta ile karatasi yangu, akaikata ishirini kwa kalamu nyekundu, akaandika ishirini na tano, akaweka tarehe. Jumatatu asubuhi alikwenda kwa meneja akasema mbao zirudishwe, lakini mjenzi alikuwa ameshapigilia kenchi zote, amechanganya mafungu mawili, hakuna aliyejua ubao upi ni wa fungu lipi, akakataa kata kata, na kiangazi kilipoingia zile kenchi zikajikunja, misumari ikatoka, mabati yakaachia, ikabidi paa la madarasa manane lishushwe lote, bahati nzuri hakuumia mtoto yeyote. Siku ile ile ya Jumatatu marehemu alipoulizwa ni fungu gani lililoharibika, alisema ni la kwanza, lile alilopima yeye mwenyewe. Na aliporudi chumba cha vipimo akaniambia mimi pia, uso kwa uso, fungu langu ndilo lililokosea, la kwako liko sawa, nami nikaamini, nikashukuru moyoni kwamba si langu, Mungu anisamehe.

Haikuishia hapo. Barua ya kumwachisha kazi ilipotoka, familia ilikaa sebuleni kwa mama, na mimi, mtoto wa mwisho, nikasimama mbele ya mama na mbele ya mke wake, nikamwambia, kaka, haraka haraka haina baraka, siku nyingine uwe makini. Nilimwambia yeye! Akajibu, nimesikia, mdogo wangu. Na tarehe 1 Oktoba 2004 kiwanda kikanipa nafasi yake, nikakaa kwenye kiti chake, niko nacho mpaka leo.

Sasa kuna jambo moja linalonivuruga kuliko yote. Jumapili tarehe 29 Agosti, siku mbili tu baada ya barua, marehemu aliniita kwake, nikamkuta barazani na binti yake huyu, mtoto wa pili, wakati huo ana miaka kumi na minne, wana kipande cha mbao na mizani ya jikoni, akaniambia, hebu msaidie mwanao hesabu za asilimia. Binti akaniuliza, baba mdogo, hapa unagawa kwa upi? Nikasema, kwa mbichi. Akacheka akasema, siyo, baba mdogo, kwa mkavu, na marehemu akachukua kikombe chake akatazama barabarani. Nikasema ulimi umeteleza, kila mtu anajua ni mkavu, nikanywa chai, nikaaga. Kuanzia Jumatatu yake sijakosea kugawa hata mara moja. Lakini nilipokuwa nikitembea kurudi nyumbani siku ile, je, sikuikumbuka ile karatasi yangu ya fungu la pili? Niliikumbuka nikaisukuma pembeni, au haikunijia kabisa? Nimejiuliza tangu jana, nimegeuza na kupindua, mara naona nilijua, mara naona sikujua, na mtu wa pekee ambaye angeniangalia usoni akaniambia, ndiye huyu tunayemzika.

Kwa hiyo naomba iandikwe na isikike, mbele ya meneja mstaafu, mbele ya wenzangu wa kiwandani, na mbele yako wewe shemeji uliyeshona nguo za watu usiku na mchana ili watoto wasirudishwe shule, kwamba marehemu hakukosea kipimo. Fungu lake la kwanza, hesabu zake hizi hapa kwenye daftari, lilikuwa asilimia kumi na nane, halikuwa na ila. Atakayesema alitia sahihi, ni kweli alitia, lakini aliyekosea ni mimi ninayesoma. Nilitaka kukwambia asubuhi, shemeji, nikakuta umezungukwa na watu, nikaogopa, huo ndio ukweli.

Shemeji anasimama. Kaa, shemeji, utachoka. Anasema kitu, mlioko nyuma hamsikii, ngoja niwarudishie, anasema, shemeji, sisi tunajua.

Mnajua? Tangu lini? Anasema tangu Jumamosi ile ile, marehemu aliporudi na daftari. Anasema alimwita yeye na watoto wakubwa wawili, akawaeleza, akawaapisha. Namtazama huyu binti, nawe mwanangu? Anaitikia kwa kichwa. Anasema, baba alinifundisha lile jibu tangu asubuhi, akaniambia nicheke lakini nisicheke sana.

Kwa nini hamkuniambia, jamani, miaka kumi na tisa? Shemeji anasema marehemu alikataa, alisema, mdogo wangu akijua ataogopa mizani, na mpimaji akishaogopa mizani ataandika chochote atakachoambiwa aandike, bora mimi nikose kazi kuliko kiwanda kukosa mpimaji. Anasema walibishana naye, yeye shemeji hakukubaliana, mpaka leo hakubaliani, lakini alikuwa ameshaapa. Nauliza, na mama? Anasema mama hakuambiwa, kwa sababu asingeweza kunyamaza. Basi mama yetu, aliyefariki tarehe 11 Aprili 2006, aliondoka akiamini kwamba mwanawe mkubwa ni mzembe na mdogo ndiye makini, na hilo sasa halina wa kulirekebisha.

Ndugu zangu, sijui hata nisimame vipi. Nilipanda hapa nikidhani nimebeba siri peke yangu, kumbe miaka yote hii nimekaa kwenye meza yao, wananipakulia, wananichekea, binti anaamka kunisalimu, shikamoo baba mdogo, na wote wanajua. Nishukuru, nikasirike, nijifiche, kipi kinatangulia? Shangazi, wewe ulijua? Anatikisa kichwa, hakujua, na anasema niendelee kusoma, watu wako juani.

Naendelea. Baada ya kuacha kazi, marehemu aliishi nyumbani kwake akiwapimia mafundi seremala wa mtaani mbao zao, barazani, kwa kifaa cha mkononi cha kupimia unyevu, chenye pini mbili, bila kumkataa mtu, na mafundi wengi walio hapa leo hawakufunga mlango wala dirisha kabla hajagusa. Mwezi wa Septemba 2021 alianza kusumbuliwa na kifua, akatibiwa akapata nafuu, hali ikarudi mwaka jana, na tarehe 22 Mei 2023 akalazwa, wodi ya pili, kitanda cha dirishani, ambapo nilikwenda kila jioni nikitoka kazini, na kila jioni aliniuliza leo mmepima nini na mmepata ngapi, nikimjibu alifumba macho akipiga hesabu kwa midomo, kisha akisema, sawa. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Juni 2023, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono, mimi nikiwa kazini. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na mdogo mmoja.

Shangazi, niazime kalamu. Ninaukata ule mstari wa kustaafu, mnaniona, ninaandika juu yake, tarehe 27 Agosti 2004 marehemu aliachishwa kazi kwa kosa la mdogo wake, akanyamaza. Nimeweka tarehe ya leo na sahihi yangu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, waliomhudumia siku kumi na tisa bila kuchoka, hata alipowaambia kwamba milango ya wodi yao imefungwa ingali mibichi, inawashukuru majirani mliolala nasi chini tangu Ijumaa, mafundi seremala waliolichonga sanduku hili kwa mbao walizochagua wenyewe, uongozi na wafanyakazi wa kiwanda mliofika leo, nanyi wote ambao siwezi kuwataja mmoja mmoja. Wewe shemeji, nanyi wanangu, sitawashukuru hapa, nitakuja nyumbani, tutakaa, mtaniambia yote mliyonyamazia, na mkinigombeza nitasikiliza.

Kaka, ruhusa yangu inaisha Jumatano. Alhamisi tarehe 15 Juni, saa moja na nusu asubuhi, nitakuwa kwenye mizani, naogopa, na nitaandika kile itakachosema. Lala kwa amani.